Maisha ya Baden-Powell na Funzo la Anayetembea Nyuma

Ndugu Wanafunzi wa Zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani hivi sasa,

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike kwa ufupi maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, ambaye habari zake zinaweza kuwafaa wakubwa na wadogo. Nimemchagua Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, na ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ratiba ya mkutano wetu wa safari hii ina matembezi ya mlimani, ambamo wazee wenye vitambi kama mimi watapanda pamoja na watoto wa Kidato cha Kwanza. Ya pili ni deni langu mwenyewe la tangu mwaka 1997, ambalo nitalieleza baadaye katika makala haya.

Robert Stephenson Smyth Baden-Powell alizaliwa mjini London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mzee huyo alifariki mwaka 1860, wakati Robert akiwa na umri wa miaka mitatu tu, akamwachia mjane wake, Bibi Henrietta, kazi ya kulea kundi la watoto. Robert alikulia katika nyumba yenye kaka wengi. Kaka mkubwa, Warington, alikuwa mpenda bahari, na wakati wa likizo aliwachukua wadogo zake katika safari za mashua na za miguu. Hivyo mtoto huyu alijua mapema jinsi mambo yalivyo kwa mdogo anayefuatana na wakubwa wenye miguu mirefu na amri nyingi.

Mwaka 1870 aliingia shule ya Charterhouse, ambayo wakati ule ilikuwa London. Mwaka 1872 shule hiyo ilihamishiwa Godalming, mashambani kusini mwa mji. Darasani hakuwa nyota. Alikuwa mlinda mlango wa timu ya kandanda, alichora vizuri kwa mikono yote miwili, na alipenda michezo ya kuigiza. Lakini elimu aliyoithamini zaidi aliipata katika kijisitu kilichokuwa kando ya shule. Wanafunzi hawakuruhusiwa kufika huko, naye alinyemelea humo, akifuata nyayo za wanyama, akipika sungura kwa moto usiotoa moshi ili walimu wasimwone. Vijana, sitoi habari hii ili mkatoroke! Naitoa kwa sababu mambo aliyokuja kuwafundisha watoto wa dunia nzima yalianzia pale, katika kijisitu cha shule ya sekondari.

Mwaka 1876 alifanya mtihani wa kuingia jeshini, akafaulu vizuri kiasi cha kusamehewa masomo ya chuo cha maofisa, akapelekwa moja kwa moja India katika kikosi cha wapanda farasi. Huko, na baadaye barani Afrika, alijifunza kazi ya upelelezi: kusoma nyayo, kukadiria umbali, kutembea usiku bila taa, na kukumbuka kila alichokiona. Alipokuja kuwa mkuu wa kikosi, aliwafundisha askari wake kazi hiyo wakiwa katika vikundi vidogo badala ya kuwapanga mamia kwa mamia uwanjani. Aliona kwamba katika kikundi cha watu watano au sita kila mmoja anajulikana, na hakuna anayeweza kujificha wala kusahauliwa.

Mwaka 1895 alipelekwa nchi ya Ashanti, ambayo leo imo ndani ya Ghana, katika msafara wa kijeshi wa Waingereza dhidi ya Mfalme Prempeh. Kazi yake ilikuwa kuongoza vibarua na askari wenyeji waliotangulia msituni kukata njia na kujenga madaraja. Njia ilikuwa ya matope na vinamasi. Alitembea na fimbo ndefu iliyotiwa alama za vipimo, akapimia kina cha maji kabla ya wengine kuvuka, na fimbo hiyo ndiyo iliyokuja kuwa fimbo ya skauti. Toka Afrika Magharibi alirudi pia na methali aliyopenda kuirudia maisha yake yote, yenye maana kwamba anayekwenda taratibu ndiye amkamataye kima. Sisi wenye haraka haraka haina baraka hatuhitaji kufasiriwa.

Mwaka 1896 alikuwa katika vita vya kuwakandamiza Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Katika milima ya Matopos alikutana na Mmarekani aitwaye Frederick Russell Burnham, mpelelezi hodari, ambaye alimwongezea ujuzi wa porini. Lakini yafaa isemwe pia kwamba katika vita hivyo Baden-Powell aliamuru chifu mmoja aliyetekwa, jina lake Uwini, ashtakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi. Uchunguzi ulifanywa juu ya tendo hilo na hakuadhibiwa.

Jina lake lilivuma mno katika Vita vya Makaburu. Tangu tarehe 13 Oktoba 1899 hadi 17 Mei 1900, yaani siku 217, alikuwa kamanda wa mji mdogo wa Mafeking uliozingirwa na Makaburu. Alitumia hila nyingi kumdanganya adui, kama vile kuwaambia watu watege mabomu ambayo hayakuwa mabomu. Watu wazima walipopungua, wavulana wa mji walipangwa kuwa matarishi. Walipeleka barua na habari kutoka kituo hadi kituo, kwanza kwa punda na baadaye kwa baiskeli, hata risasi zilipokuwa zikilia. Baden-Powell alitazama akaona kwamba kijana akiaminiwa hufanya kazi ya mtu mzima.

Walakini, Mafeking ina sura ya pili. Wakazi wengi wa eneo lile walikuwa Waafrika, hasa Wabarolong, pamoja na wakimbizi waliokimbilia mjini. Chakula kilipopungua hawakugawiwa sawa na wazungu. Wengi waliteseka kwa njaa, na wakimbizi walishinikizwa kutoka mjini na kupita katikati ya mistari ya adui. Sol Plaatje, kijana Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama mjini humo, aliandika shajara ya siku hizo, nayo ilichapishwa mwaka 1973, miaka mingi baada ya kufa kwake. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu kiasi cha lawama anachostahili kamanda yule. Mimi si hakimu wao. Ila nasema kwamba atakayesoma maisha ya mtu huyu lazima asome kurasa zote, siyo zile za baragumu na bendera tu.

Baden-Powell aliporudi Uingereza alikuwa shujaa wa taifa na meja jenerali. Alikuta kwamba kitabu chake kidogo cha upelelezi, kilichochapwa mwaka 1899 kwa ajili ya askari, kilikuwa kikisomwa na watoto na kutumiwa na walimu. Akaamua kutunga mafunzo yatakayowafaa vijana kwa maisha ya amani. Kabla ya kuandika alitaka kujaribu, na jaribio hilo ndilo kambi ya Brownsea.

Brownsea ni kisiwa kidogo katika bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Mwanzoni mwa Agosti 1907 alipeleka huko wavulana kama ishirini. Baadhi walitoka katika shule za matajiri kama Eton na Harrow, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kawaida wa Poole na Bournemouth. Kwa Uingereza ya siku zile, kuwaweka watoto hao hema moja lilikuwa jambo geni. Aliwagawa katika vikundi vinne, yaani patroli: Mbwa Mwitu, Kunguru, Fahali na Sululu, yule ndege wa pwani mwenye mdomo uliopinda. Kila patroli ilivaa utepe wa rangi yake begani na kuongozwa na mvulana mkubwa aliyekabidhiwa madaraka kamili. Mpwa wake Donald, mtoto wa miaka tisa, alikuwapo pia kambini. Asubuhi waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala ambalo Baden-Powell alilichukua katika vita vya Matabele. Mchana walilazimika kupumzika kimya. Usiku patroli moja kwa zamu ilikwenda kulala nje, ikipewa unga, nyama na viazi, ijipikie yenyewe.

Naomba msomaji atazame mpango huo kwa makini. Mtu mmoja akiwaongoza watoto ishirini wa kimo na umri mbalimbali, hawezi kujua nani ana jiwe kiatuni. Lakini mvulana mwenye wenzake wanne au watano anaweza. Anajua nani amekula na nani hakula, nani ni mwoga wa giza, nani ana pumzi fupi. Mpango wa patroli uliokoa jambo ambalo filimbi ya mwalimu haiwezi kuliokoa. Hadi mwisho wa maisha yake Baden-Powell alishikilia kwamba bila patroli hakuna Skauti.

Januari 1908 alianza kutoa kitabu chake mashuhuri cha kuwafundisha wavulana uskauti, katika sehemu sita zilizouzwa kwa wiki mbili mbili. Vijana hawakungoja chama kianzishwe. Walinunua kitabu, wakajipanga wenyewe katika patroli, wakaenda porini. Miongoni mwa majaribio ya skauti yalikuwamo mawili yahusuyo kutembea. La kwanza lilikuwa mwendo wa skauti: kutembea hatua kadhaa na kukimbia hatua kadhaa kwa zamu, ili kumaliza maili 1, kama kilomita 1.6, kwa dakika 12. Anayefika mapema mno ameshindwa sawasawa na anayechelewa, kwa kuwa jaribio si la mbio bali la kuutawala mwendo wako. La pili, kwa skauti wa daraja la kwanza, lilikuwa safari ya maili 7 kwenda na 7 kurudi, kisha aandike taarifa ya aliyoyaona njiani. Aliyepita mbio bila kutazama chochote hakuwa na la kuandika.

Chama kilikua upesi na kikaleta tatizo ambalo kila mzazi analijua. Wadogo waliwafuata kaka zao. Watoto wa miaka minane na tisa walitaka kwenda matembezini, wakachoka njiani, wakalia, na wakubwa wakakasirika kwa kucheleweshwa. Ingekuwa rahisi kuwafukuza. Baden-Powell badala yake aliwaanzishia tawi lao mwaka 1916, lenye michezo iliyotokana na hadithi za msituni za Rudyard Kipling na mwendo unaolingana na miguu yao. Mwaka 1918 likaja tawi la vijana wakubwa, ambao nao walikuwa wakichoshwa na mwendo wa wadogo. Wasichana walikuwa wamekwisha jitokeza wenyewe katika mkutano mkubwa wa London mwaka 1909, na mwaka 1910 chama chao kilianzishwa kwa msaada wa dada yake, Agnes. Mwaka huo huo wa 1910 aliacha jeshi ili ashughulikie kazi ya vijana. Mwaka 1912 alimwoa Olave Soames, ambaye siku yake ya kuzaliwa ilikuwa ile ile ya 22 Februari, ingawa walipishana miaka 32. Bibi huyo alikuja kuwa kiongozi mkuu wa wasichana duniani. Walipata watoto watatu.

Mwaka 1920 skauti wa nchi nyingi walikutana London katika jamborii ya kwanza, wakamtangaza Baden-Powell kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Mwaka 1929 alipewa cheo cha ulodi. Jamborii yake ya mwisho ilikuwa Uholanzi mwaka 1937, akiwa mzee wa miaka 80.

Hapa tena lazima nifungue ukurasa wa pili. Kanuni ya Skauti ilisema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine, lakini Afrika Kusini viongozi wazungu hawakukubali vijana Waafrika waingie katika chama chao. Vijana hao waliwekwa katika chama cha pembeni kilichoanzishwa mwaka 1922. Baden-Powell alikwenda huko mwaka 1936, na matokeo yake Waafrika wakatambuliwa kuwa skauti, ila katika tawi lao la peke yao. Wengine husema alifanya alichoweza katika mazingira yale. Wengine husema aliusalimisha udugu ili chama kisivunjike. Kwa fikira zangu, mtu aliyefundisha dunia kwamba msafara ni mmoja alikubali hapo misafara miwili, nasi tunayo haki ya kumpima kwa kipimo chake mwenyewe.

Miaka yake ya mwisho aliimalizia jirani zetu Kenya. Moyo wake ulikuwa umechoka na madaktari walimtaka apumzike. Mwaka 1938 yeye na mkewe walihamia Nyeri, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye viwanja vya hoteli ya Outspan, iliyokuwa ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Nyumba waliiita Paxtu, kwa kukumbuka nyumba yao ya Uingereza iliyoitwa Pax Hill. Huko alichora wanyama na ndege, akaandika vitabu na barua, akautazama Mlima Kenya. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa Nyeri. Bibi Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yaliletwa kuzikwa kaburini mwa mumewe.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Nairobi kwa kazi za Serikali, na siku ya Jumamosi nikapata nafasi ya kwenda hadi Nyeri. Kaburi lile ni la kawaida. Juu ya jiwe imechorwa duara yenye nukta katikati. Kila skauti anaijua alama hiyo, maana ndiyo huachwa mwishoni mwa njia ya kufuata nyayo, kuwaarifu wanaokuja nyuma kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Nilisimama pale kitambo. Sikumwaza jenerali wala lodi. Nilimwaza mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza, na viatu vyake vya kuazima.

Sasa nilipe deni langu. Mwaka 1997 nilikuwa Kidato cha Tatu na kiongozi wa patroli katika kundi letu la skauti. Tulipanda kwa miguu kutoka Mombo kwenda Soni, katika milima ya Usambara, tukiiacha barabara ya magari na kushika njia za wakulima. Tulikuwa wavulana 24 na mwalimu wetu mlezi. Mwalimu alitangulia na patroli moja kutafuta mahali pa kupiga kambi, akaniachia mimi wengine. Nilikuwa na miguu mizuri na kiburi kikubwa. Nilikwenda mbele kabisa, nikiona fahari kwamba hakuna anayenifikia.

Kila baada ya mwendo fulani nilisimama na wenzangu wa mbele. Tuliketi kivulini, tukanywa maji, tukataniana. Nyuma yetu alikuwako kijana mdogo aliyeazima viatu vya kaka yake, navyo vilimbana vidole. Alipotokea kwenye kona, sisi tuliinuka na kuendelea, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha pumzika. Basi tulipumzika mara tatu, naye hakupumzika hata mara moja. Wakati ule sikuliona jambo hilo. Niliona tu kwamba yeye ni mvivu, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake.

Tulipofika kambini jioni tulihesabiana tukawa 23. Ukungu ulikuwa umeshuka, na giza la milimani huingia ghafla. Tulirudi njiani na taa za kandili, tukiita hadi sauti zikakauka. Nakumbuka nilivyokuwa nikitazama kila korongo kando ya njia nikiogopa kumulika chini. Tulimpata karibu na saa nne za usiku, nyumbani kwa bibi mmoja wa Kisambaa aliyekuwa akitoka kutafuta kuni akamkuta ameketi kwenye njia panda, viatu mkononi na malengelenge yamepasuka. Alikuwa ameshika njia ya mkato akidhani atatukuta mbele. Bibi alikwisha mwosha miguu kwa maji ya moto, akampa ugali na maharage. Alitukaribisha na sisi, ila mimi hakunitazama.

Mwalimu hakunipiga wala kunigombeza. Siku ya kurudi alinipa shanta la yule mtoto nilibebe pamoja na langu, akaniamuru nitembee wa mwisho, nisimpite mtu yeyote hata akisimama kufunga kamba ya kiatu. Kisha akamweka yule mtoto mbele kabisa, amevaa kandambili, aongoze mwendo. Na tazama ajabu: tulifika Mombo kabla ya saa tuliyopanga. Hatukusimama ovyo, hatukutafutana, hakuna aliyechoka kupita mwenziwe. Kutoka nyuma niliona migongo yote 23. Siku moja kabla yake sikuwa nimeona hata mmoja.

Ndipo nilipokwenda maktaba ya shule kutafuta habari za Baden-Powell, nikaanza kuelewa ni kwa nini alihangaika na patroli, na matawi ya wadogo, na jaribio ambalo anayewahi mno huhesabiwa ameshindwa. Nimemaliza Chuo Kikuu, nimefanya kazi ya utumishi wa umma kwa miaka karibu ishirini, na nimekuwa mkuu wa idara yenye watumishi hodari na wazito. Mara nyingi nimejikuta nikiketi kivulini na wepesi wenzangu, nikiinuka pale wazito wanapotokea konani. Si kosa la ujana peke yake.

Kwa hiyo, kwa ajili ya matembezi ya mkutano wetu, napendekeza kwa Kamati mambo yafuatayo. Tusiende kundi moja la watu mia. Tugawanywe katika patroli za watu sita hadi wanane, kila moja ikiwa na wazee na vijana. Kila patroli imweke mbele, au karibu na mbele, yule mwenye mwendo mdogo, na nyuma kabisa awepo mwenye nguvu anayejua njia na mwenye filimbi. Mapumziko yahesabiwe tangu anapofika wa mwisho, siyo wa kwanza. Kwenye kila njia panda patroli ingoje ikamilike kabla ya kuendelea. Mwenye nguvu nyingi apunguziwe mbio kwa kuongezewa mzigo, na aliyechoka apunguziwe mzigo bila kuchekwa. Viatu vikaguliwe siku moja kabla, na asiye navyo asione haya kusema. Tuhesabiane wakati wa kuondoka, njiani na wakati wa kufika. Vijana wenye hamu ya kukimbia wapewe siku yao na kilele chao; nao wana haki, kama walivyopewa mwaka 1918.

Wapo watakaoniuliza kwa nini shule ya Kiafrika imkumbuke askari wa dola ya kikoloni. Ni swali la haki, na ndiyo maana sikumficha Uwini, wala Wabarolong, wala vijana wa Afrika Kusini. Jibu langu ni kwamba tunaweza kulishika funzo jema bila kuyafunika makosa ya aliyelitoa. Na tukilishika vizuri zaidi yake, tusimwache hata mmoja nyuma kwa ajili ya rangi, umaskini wala viatu vya kuazima, hapo tutakuwa tumelifikisha mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika.

Nimeambiwa kwamba yule mtoto wa mwaka 1997, ambaye sasa ni baba wa watoto na mtu mwenye heshima zake, ameandika kuthibitisha kuwa atahudhuria mkutano. Sikuwahi kumwomba radhi. Mwaka ule niliona aibu, na baadaye tulipotezana. Namwomba radhi hapa, mbele ya wanafunzi wote wa zamani na wa sasa. Na kama Kamati itaniruhusu, siku ya matembezi naomba niwe katika patroli yake. Yeye atangulie, mimi nitakuja wa mwisho.

Mwanafunzi wa zamani,
Kidato cha Nne, 1998